Hadithi Isiyo na Kitako

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ikupa alifagia uwanja, akajaza chungu cha maji ya kunywa, kisha akamnawisha uso mdogo wake wa kike Tukuswiga, ambaye nyumbani walimwita Tuku. Ikupa alikuwa darasa la sita. Tuku alikuwa darasa la kwanza, na meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha kung'oka, kwa hiyo kila neno lake lilitoka na upepo kidogo.

Nyumba yao ilikuwa jirani na Matema, mahali ambapo majaruba ya mpunga yanakaribia kugusa mchanga wa ziwa. Baba yao alikuwa amekwenda kuvuna kakao kwa shemeji yake. Mama yao alikuwa Mkisi wa Ikombe, na kazi yake ilikuwa ufinyanzi. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa barazani akimalizia vyungu vya kupeleka sokoni Lyulilo. Alifinyanga kama alivyofundishwa na bibi yake: alianza na mdomo wa chungu, akashuka tumboni, akakiacha kikauke kidogo, akakipindua, na mwisho kabisa akakifunga kitako. Kisha aliingiza mkono kupitia mdomoni na kubonyeza dole gumba lake katikati ya kitako, kwa ndani.

"Mama, mbona alama yako unaificha huko chini?" Ikupa alikuwa amemwuliza siku moja.

"Sijaificha," mama alijibu. "Anayekunywa mpaka mwisho ataiona."

Sasa Ikupa alichota maji kwa kata, akaita, "Tuku! Njoo unawe, tunachelewa!"

Tuku alikuja akiwa amefumba macho, amenyoosha mikono mbele kama mtu anayetembea gizani. Alinawa bila kufumbua. Ikupa alipompa maji ya kunywa, alitikisa kichwa.

"Nitakunywa shuleni."

"Una vituko wewe!" Ikupa alicheka, akachukua mkoba wake. Hakujua kwamba siku chache tu baadaye angeikumbuka ile mikono midogo iliyonyooshwa, na kukijutia kicheko chake.

Mwalimu Ambilikile alikuwa amewapa darasa la sita kazi ambayo Ikupa aliipenda kuliko hesabu zote duniani. Kila mmoja abuni hadithi ya maajabu, na iliyo nzuri zaidi ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

"Katika hadithi ya maajabu kila kitu kinaruhusiwa," mwalimu alisema. "Samaki apande mti, mlima uoe. Lakini kabla hujaanza, chora njia. Mhusika wako anatoka wapi, anakutana na nini, na anafika wapi. Hasa pale anapofika. Mmenisikia?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Wote walisikia. Ikupa hakuchora. Kwa nini achore, wakati maneno yalimjia yenyewe kama mvua? Kila mapumziko alikaa nyuma ya jiko la shule akasimulia kipande, na kila siku duara la wasikilizaji lilikua.

Hadithi yake ilikuwa ya zimwi liitwalo Mlasura. Mlasura hakuwa na sura yake mwenyewe. Aliishi katika chungu cha zamani sana, nyumbani kwa msichana Anyitike na mama yake, chungu ambacho mfinyanzi wake alikiwekea dole gumba kitakoni. Hilo Ikupa alilitaja siku ya kwanza, kisha akalisahau. Palipokuwa na maji yaliyotulia, Mlasura alikuwepo. Ukiinama kunywa, anakutazama kwa uso wako mwenyewe. Uso ule ukikukonyeza, basi umekwisha. Unarudi nyumbani huna sura, na mama yako mzazi anakuuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

"Maji yanayotembea ndiyo hayawezi kumbeba," Ikupa alisema siku hiyo kwa sauti ya chini, huku akiwatazama mmoja mmoja. "Lakini yaliyolala... yaliyolala kwenye chungu, kwenye ndoo, kwenye kikombe..."

"Sasa mbona watu wazima hawamjui?" aliuliza Andrea, mvulana mbishi wa darasani kwao.

Ikupa hakuwa amelifikiria hilo. Lakini jibu likaja, zuri kiasi kwamba mwili wake mwenyewe ulisisimka.

"Kwa sababu aliyekwisha kuchukuliwa lazima aseme, 'Hakuna Mlasura, hiyo ni hadithi tu.' Ukimsikia mtu yeyote anasema hivyo, hata kama ni mwalimu, hata kama ni mama yako, ujue siye tena. Lile ni ganda."

Wasichana walipiga kelele. Andrea alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepauka. Kengele ikalia.

"Kesho!" Ikupa alisema, akainuka akijipangusa sketi.

Sabrina, rafiki yake, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo Kyela mjini, alimfuata kwa haraka. "Ikupa, mwisho wake unaujua?"

"Mwisho utakuja wenyewe."

"Utakuja wenyewe? Dereva wa namna hiyo mimi sipandi gari lake."

"Wivu huo, dada."

"Wivu wangu una mwisho, hadithi yako haina," Sabrina alijibu, wakacheka wote wawili. Hawakuwaona watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wamebanana pembeni ya ukuta wa jiko. Mmoja wao alikuwa Tuku, mikono yote miwili mdomoni.

Joto la Kyela ni joto la kumfanya hata kuku aache kuparua. Hata hivyo siku ile jioni, na siku iliyofuata, Tuku hakukigusa chungu cha nyumbani. Alipoulizwa alisema, "Nimeshakunywa." Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka.

Hatimaye Ikupa alielewa. Kwanza, na hili baadaye lilimwuma sana, alijisikia fahari. Hadithi yake ilikuwa na nguvu hata ya kumzuia mtu kunywa maji! Kisha alimtazama mdogo wake, akachuchumaa mbele yake.

"Tuku, unamwogopa Mlasura? Mwe, mdogo wangu! Hakuna Mlasura. Hiyo ni hadithi tu."

Tuku alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagonga ukuta. Macho yalimtoka.

"Umesema," alinong'ona. "Umesema maneno yale."

"Maneno gani?"

"Ya ganda." Alinyoosha mkono, akayagusa mashavu ya Ikupa kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayegusa sufuria asiyejua kama ni la moto. Kisha akatimua mbio kwenda kwa mama.

Ikupa alibaki amechuchumaa pale pale. Jua lilikuwa linazama, na ndani ya nyumba kulianza kuwa na kivuli. Alikwenda kuchota maji ya kupikia. Alipofunua chungu aliuona uso wake huko chini, mweusi, umetulia, unamsubiri. Alijua kwamba ni yeye mwenyewe aliyemtunga Mlasura. Lakini hakujua Mlasura angefanya nini kesho, wala angekomea wapi, na kitu usichojua kitakomea wapi kinaweza kufika popote. Alifumba macho, akachota kwa kupapasa.

Siku ya soko, mama alikuwa amekwisha kupanga vyungu vyake kwenye tenga, akiweka majani ya migomba katikati visigongane, aliposikia Tuku anatapika nyuma ya nyumba. Alipomfikia, alimkuta ameinama, ameshika tumbo, miguu yake imelowa. Alikuwa akiharisha tangu alfajiri bila kumwambia mtu.

Mama alichota maji. Alimwosha, akambeba mgongoni kwa kanga, akaacha vyungu vyote barazani. "Ikupa, funga mlango. Twende zahanati."

Walitembea kwa haraka kwenye njia ya kati ya majaruba. Kichwa cha Tuku kilikuwa kinayumba begani kwa mama. Ikupa alitembea nyuma yao akiutazama uso ule. Macho yalikuwa yameingia ndani, mashavu yamelegea. Ulikuwa kama uso wa mtoto mwingine. *Wewe mtoto wa nani?* maneno yake mwenyewe yalimjia.

Zahanati walipokelewa na Nesi Rut, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa na mikono myepesi.

"Mugonile, Mama Ikupa," nesi alimsalimu kwa kilugha.

"Ndaga, nesi. Nitazamie mtoto."

Nesi alimbana Tuku ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama, ikarudi polepole. Nesi aliacha kutabasamu.

"Mama mdogo, umekunywa maji wapi?" alimwuliza Tuku.

"Kwenye mfereji," Tuku alisema kwa sauti ndogo.

"Mfereji wa majaruba?" mama alishtuka. "Ule ambao ng'ombe wanapita? Tuku! Na nyumbani chungu kimejaa maji niliyoyachemsha!"

"Ya mfereji yanatembea," alisema Tuku. "Hayana uso."

Mama na nesi walitazamana, hawakuelewa. Ikupa alielewa.

Nesi alikoroga maji ya chumvichumvi, akayatia katika kikombe cha plastiki cha kuona mpaka ndani. "Anywe haya, kidogokidogo, asimalize kwa mara moja. Yakikaa tumboni tumepona." Alimsogezea Tuku mdomoni. Tuku alitazama chini, akauona uso wake juu ya maji, akapiga kelele na kukisukuma kikombe. Maji yakamwagika sakafuni.

Walijaribu tena. Safari hii mama alimshika, nesi akamnywesha kwa kijiko. Tuku alijipinda, akatema yote, akatapika huku akilia. Lakini machozi yenyewe hayakutoka. Alilia makavu.

"Mama Ikupa, nisikufiche," nesi alisema kwa sauti iliyopungua. "Huyu amekauka. Asipokunywa sasa, nitapiga simu gari lije tumpeleke hospitali ya wilaya akawekewe dripu. Na njia unaijua ilivyo mvua ikinyesha. Nataka aanze safari akiwa na kitu mwilini."

"Mama," Ikupa alisema. "Mama, ni mimi. Nilitunga hadithi." Akaeleza yote, kwa haraka: Mlasura, maji yaliyolala, maji yanayotembea, ganda.

Nesi Rut alifungua mdomo kusema kitu kikali. Mama alimwekea mkono begani.

"Basi imalize," mama alimwambia Ikupa. "Wewe ndiye uliyemwingiza humo. Mtoe."

Ikupa alipiga magoti kando ya kitanda. "Tuku, sikiliza. Akaja shujaa mmoja, ana panga la moto. Akamkata Mlasura vipande vipande, akafa. Basi."

Tuku alimtazama kwa macho yake yaliyozama. "Shujaa gani?"

"Shujaa tu. Alikuwepo."

"Hakuwepo. Ulisema kuna msichana Anyitike, na mama yake, na chungu. Shujaa hakuwepo." Akageukia ukutani. "Unanidanganya ili ninywe."

Nesi alikwenda dirishani na simu yake. Ikupa alimtazama mama, na machozi yakaanza kumtoka. "Mama, sina mwisho. Sikuufikiria."

Mama alichuchumaa karibu naye. Mikono yake bado ilikuwa na udongo uliokaukia kwenye kucha.

"Umeniona nikifunga kitako?" aliuliza polepole, kama vile wako barazani na hakuna haraka yoyote. "Naleta udongo kutoka wapi?"

"Huleti. Unaukwangua... unautoa kwenye chungu chenyewe."

"Ndiyo hivyo. Nikibandika udongo mgeni mwishoni, chungu kinapasuka motoni. Udongo wa kitako naubakiza tangu mwanzo. Shujaa wako ni udongo mgeni, na Tuku amekiona kinapasuka. Rudi nyuma, mwanangu. Kitu gani ulikibakiza?"

Ikupa alifumba macho. Alirudi siku ya kwanza nyuma ya jiko la shule. Anyitike. Chungu cha zamani. Zimwi lisilo na sura. Na mfinyanzi ambaye...

Alifumbua macho.

"Nesi! Una wino? Ule wa kuweka dole gumba?"

"Wino wa nini tena? Unataka kunisainisha?" Nesi Rut alinung'unika, lakini alileta kidau.

Ikupa alichovya dole gumba la mama yake katika wino, akalibonyeza chini ya kikombe, kwa nje. Alingoja likauke, akaomba kijazwe upya. Kisha akakaa kitandani, akaanza kwa sauti ile ile ya nyuma ya jiko la shule.

"Kijiji kizima kiliogopa kunywa. Vyungu vyote vikabaki vimejaa. Na Mlasura akanenepa, Tuku, akanenepa mno, kwa sababu kila chungu kisichonywewa kilikuwa nyumba yake. Akabaki Anyitike peke yake mwenye sura. Na Anyitike alikuwa na kiu."

Tuku hakugeuka, lakini alikuwa ameacha kulia.

"Akainama juu ya chungu. Akauona uso wake. Akatetemeka. Halafu akakumbuka jambo ambalo nililisema siku ya kwanza. Unalikumbuka?"

Kisha, kutoka ukutani, sauti yenye upepo: "Dole gumba. La mfinyanzi."

"Enhe! Liko wapi?"

"Chini kabisa."

"Na anayeliona ni nani?"

Tuku aligeuka taratibu. "Anayekunywa mpaka mwisho."

"Basi Anyitike akanywa kidogo." Ikupa alisogeza kikombe. "Na unajua nini kilitokea? Uso ule wa kwenye maji ulisogea karibu. Haukumkonyeza. Ulikuwa unarudi kwake. Jaribu uone."

Tuku aliinama. Aliuona uso wake. Alimtazama mama, akamtazama dada yake, akafumba jicho moja na kuacha jingine wazi. Akanywa funda moja dogo.

Maji yalikaa.

"Sasa?" Tuku aliuliza.

"Kidogokidogo, mama mdogo," nesi alisema akiwa dirishani. Simu ilikuwa bado mkononi, lakini hakubonyeza kitu.

Ikupa alisimulia polepole, na kila alipofika mahali pa kusisimua alinyamaza, na Tuku akanywa funda ili aendelee. Kwa kila funda la Anyitike, sura ya mtu mmoja wa kijiji ilirudi: ya bibi, ya mchungaji, ya mtoto aliyepotea. Maji yalivyopungua, alama nyeusi ilizidi kujitokeza chini ya kikombe, mistari yake yote, kama njia ndogo ndogo zinazozunguka.

"Naliona!" Tuku alisema. "Dole la mama!"

"Na kando ya lile dole, Anyitike alikuta kidonge cha udongo, kidogo kama punje ya kakao, kinatetemeka. Ndiye Mlasura. Alikuwa udongo uliosahauliwa. Hakuna mtu aliyewahi kumfinyangia sura, ndiyo maana aliiba za wenzake."

Tuku alifikiri. "Alikuwa anaogopa?"

"Sana."

"Kuliko mimi?"

"Kuliko wewe na mimi. Maliza, nikwambie."

Tuku alimaliza. Ikupa akasema, "Anyitike akambonyezea macho mawili, na mdomo. Na neno la kwanza Mlasura alilolisema kwa mdomo wake mwenyewe lilikuwa, 'Ndaga.' Asante. Mwisho."

Nesi Rut aliitia simu mfukoni, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Joto hili," alisema, na akaenda kukoroga kikombe kingine.

Tuku alirudi nyumbani jioni akiwa dhaifu mgongoni kwa mama, na vidonge vya kumeza nyumbani. Nesi alikuwa amewakanya wote watatu kwa sauti yake kubwa: maji ya kunywa yachemshwe na kufunikwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na mfereji ni wa mpunga na ng'ombe. Jumatatu, kabla ya masomo, Ikupa alimwomba Mwalimu Ambilikile ruhusa, akasimama mbele ya madarasa ya chini karibu na tangi la maji, akawasimulia mwisho. Alipomaliza, watoto wengi walikwenda kunywa. Wengi kuliko alivyotarajia. Ndipo alipojua ni wangapi walikuwa na kiu, na usiku huo alimshukuru Mungu kwa machozi.

Mama alimkuta barazani, amekaa kando ya vyungu.

"Usiache kutunga," mama alimwambia. "Hofu katika hadithi si kosa. Hata kisima kirefu kinatisha, na bado tunachota maji yake. Lakini usimshushe mtu mahali ambapo hujui utampandishia wapi. Chungu kisicho na kitako hakishiki kitu. Ukitia maji, yatamwagika. Ukitia hofu, itamwagika nyumba nzima, na atakayelowa ni yule mdogo kuliko wote. Kabla hujafungua mdomo wa hadithi, bakiza udongo wa kitako chake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Ikupa alichukua karatasi, akachora njia kama mwalimu alivyosema. Aliandika sentensi ya mwisho kwanza. Tuku alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akachota maji kwenye chungu, akautazama uso wake humo ndani, akaukonyeza yeye kwanza, akanywa. Kisha akajibanza ubavuni kwa dada yake.

"Unatunga mpya?"

"Mpya."

"Inatisha?"

"Inatisha kidogo."

"Inaisha?"

"Inaisha."

Tuku aliweka kichwa chake mapajani mwa Ikupa. "Haya," alisema. "Anza."